Ufa wa Sakafuni

Pale kitaluni hakuna aliyethubutu kung'oa mche ovyo mbele ya Mama Miche. Alikuwa mwanamke wa maneno machache kwa wenye akili na mengi kwa wengine, na kwa kuwa hao wengine ndio wengi, mdomo wake haukupata likizo. Mnunuzi akija jua la utosi anataka kupanda hapo hapo, alirudishwa aje jioni. Akiuinua mche kwa kuukaba shingo badala ya kukibeba kiriba chake cha udongo, alipigwa kikofi cha mkono, awe mwalimu au askari.

"Huyo ana kwao," alikuwa akisema. "Ukimhamisha, mhamishe na udongo wake. Na ukimpanda, mwelekeze kule kule alikozoea kuamkia."

Kwa ajili hiyo kila mche wake ulifungwa uzi mwekundu upande wa mawio ya jua, ili mnunuzi asije akaupanda kinyumenyume. Wenzake walimcheka kwa huo uzi. Yeye aliendelea kuufunga, tena mafundo mawili, kwa kuwa kuchekwa hakumnyimi mtu usingizi.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyemng'oa baba yake mzazi mchana kweupe, jua likiwaka. Wahenga walisema mganga hajigangi, wakaishia hapo, hawakutuambia huyo mganga mwenyewe aende kwa nani.

Baba yake alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Soli. Alikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, nyumba aliyooa humo, akazaa humo, na akamzika mkewe akitokea humo. Kutwa alikuwa kibarazani na kile chuma chenye umbo la mguu mapajani, gundi kuume, sindano kushoto, anashona huku anapiga soga. Na alikuwa na sifa moja iliyowaleta hata wasio na viatu vya kushonwa: ulikuwa hujapiga hodi, yeye keshakutambua.

"Karibu, bwana," angesema bila kuinua kichwa. "Kisigino cha kulia kimeisha tena. Unatembea kama mtu anayemkimbia mkewe."

Watu walicheka wakisema mzee huyu ana macho, mzee huyu haambiwi tazama. Na yeye alicheka pamoja nao.

Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka. Bati lilivuja katikati ya chumba, na kila mvua ndoo iliwekwa pale pale. Mlango ulikwaruza sakafu ukilia kama mbuzi anayedai majani. Dirisha la nyuma halikufunga. Na sakafu ilikuwa na ufa mrefu, uliotoka upande wa kitanda ukapinda pinda hadi mlangoni, mpana wa kuingia kidole cha mguu.

Haya yote yalimchoma zaidi kitinda mimba wa Mzee Soli, ambaye alikuwa mwashi. Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, kwa kuwa hakuwahi kujenga ukuta ukainama. Kila alipopita mtaani, kuna mtu alimrushia neno: "Fundi wa watu, kwenu kunavuja!" Neno hilo lilimwingia na kumkaa rohoni. Akamwendea dada yake kitaluni, wakakubaliana: mzee akae kwa dada kwa muda, nyumba itengenezwe.

Mzee alikataa. Walipomwambia tena, alikataa tena. Mwisho Timazi alipandisha sauti, akauliza kama baba anapenda wanawe wazomewe njiani, na mzee akalainika.

"Basi zibeni bati," alisema. "Ila sakafu iacheni."

"Sakafu?" Timazi alicheka. "Huo ufa, baba? Unautaka wa nini, uupeleke sokoni?"

Mzee aliinama akaanza kukusanya sindano zake.

Gari la kuazima lilipatikana mchana tu, kwa hiyo wakamhamisha mchana. Mzee Soli alipapasa mlango wa gari kama asiyejua unafunguka upande gani, na mwanawe akamsaidia akidhani ni uzee. Njia nzima alilikumbatia sanduku lake la kazi. Mama Miche alikaa pembeni yake akimsimulia raha iliyokuwa inamsubiri: vigae chini, maji ya bomba ndani, choo humo humo, hakuna hata kizingiti cha kujikwaa. Mzee aliitikia "Naam, naam," akiuelekeza uso wake mbele.

Nyumba ya Mama Miche ilikuwa nzuri kweli. Watoto wake walishaoa na kuolewa wakaondoka, akabaki na vyumba vitupu alivyovisugua hadi vikang'aa. Alimweka baba yake kwenye kiti cha dirishani, akaenda kazini na moyo mweupe.

Aliporudi alimkuta pale pale. Kesho yake, pale pale. Juma likaisha, na mzee amekaa kwenye kile kiti kama mzigo ulioachwa na abiria. Chakula alikigusa gusa kwa vidole akakiacha. Chai ilimwagika pembeni ya kikombe, naye akasema ni mawazo. Maji hakuyataka kabisa. Mama Miche alimletea viatu vya majirani ili achangamke. Alivipokea, akavigeuza, akaviweka chini taratibu.

"Uzi hauko tayari," alisema.

"Uzi si huo hapo, baba, na sindano hiyo hapo?"

"Ndiyo. Nitaona kesho."

Kule kwake, mshonaji wa nyumba ya pili alikuwa akimtungia sindano kila asubuhi, na hakuna aliyeona ajabu, wazee wote hutungiwa sindano. Hapa hakukuwa na wa kumtungia. Na soga nazo zilikwisha. Nyayo za mtaa huu zilipita juu ya lami, zote zikilia namna moja.

Mama Miche alimwelewa vibaya, na heri asingemwelewa kabisa. Alidhani mzee amenuna, kwamba anamlipiza kwa kumtoa kwake. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akaweka sahani chini kwa kishindo.

"Baba, mimi sikukuleta hapa uniadhibu. Kosa langu nini? Kukutunza?"

"Huna kosa, mwanangu. Ni mimi niliyezoea vibaya," mzee alisema kwa upole. "Nitazoea."

Upole huo ulimkera zaidi kuliko matusi. Akatoka akaenda kuifokea miche.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, matuta ya kitalu yakajaa maji, kazi ikasimama. Mama Miche alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, gambuti zake zimejaa tope hadi shingoni. Alizivua nje, akaingia peku.

Mzee Soli alikuwa amesimama ukumbini, kiganja kimoja ukutani, anaangaliana na ukuta. Choo kilikuwa nyuma yake, mlango wazi. Suruali yake ilikuwa imelowa, na chini kulikuwa na kidimbwi. Kigae kililia kidogo chini ya mguu wa Mama Miche, na mzee akageuka.

"Nani?"

Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake, kwenye mwanga wa mlango, karibu kiasi cha kushikana mikono.

"Nani hapo?" Mzee alitabasamu, akajisogeza upande ili kuificha suruali. Tabasamu lenyewe alilipeleka pembeni, mahali pasipokuwa na mtu. "Karibu ndani. Mwenye nyumba ametoka, ila hatakawia."

Mama Miche aliinamisha kichwa kwenye kifua cha baba yake akalia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia tangu msiba wa mama yake. Mzee aliupapasa uso ule kwa vidole vyenye sugu, akafika mwisho, akashusha pumzi.

"Kumbe wewe," alisema. "Leo umekuja bila miguu."

Baada ya kumwogesha na kumbadilisha nguo, alimkalisha, akamuuliza tangu lini. Mzee alisema macho yalianza kumuaga kidogo kidogo mkewe akiwa bado hai, mpaka kukawa giza tupu. Mkewe alijua. Wakakubaliana liwe lao wawili.

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

"Ningewaambia, mngenihamisha."

Mzee akaendelea, na sauti yake ikapata uhai kidogo, kama mtu anayesimulia ujana wake. Kule kwake alikuwa anaona, alisema. Akishuka kitandani, kidole gumba kinaukuta ufa. Akiufuata, unampeleka mlangoni. Ukiguna mlango, anajua umefunguka kiasi gani na nani kaingia. Dirisha lile bovu lilimpulizia ubaridi mgongoni, akajua nyuma ni wapi. Na mvua ikinyesha ndiyo siku aliyokuwa akiona vizuri kuliko zote, kwa kuwa tone linaangukia ndooni, katikati ya chumba, na ukishajua katikati pako wapi, pembe zote unazo.

"Hapa kwako pazuri," alisema. "Pamelainika kote. Nikisimama, ni kama nimetumbukizwa majini."

Usilolijua ni usiku wa giza. Mama Miche aliukumbuka msemo huo akacheka vibaya, kicheko cha kujichukia. Yeye, wa nyuzi nyekundu. Yeye, wa kupiga watu vikofi. Akampigia mdogo wake simu amwambie asiguse kitu.

"Dada, usije kwanza!" Timazi alipiga kelele kwa furaha. "Nataka iwe zawadi!"

Mama Miche alivaa gambuti zake na tope lake, akaenda.

Nyumba haikuwepo. Kulikuwa na msingi tu, sakafu imevunjwavunjwa, rundo la matofali, mabati yamelazwa uani, na ule mlango wa kulialia umeegemezwa kwenye mti. Timazi alimpokea mikono ikiwa na saruji, akaeleza kwa madaha. Bati lilikuwa limeoza, alipolishika likashuka na mbao zake. Ukuta nao ulikuwa umeinama, ukiziba hapa unafumuka pale. Akaona heri abomoe yote, amjengee baba nyumba ya heshima, na watu wa mtaa wafunge midomo.

Dada yake alimweleza. Timazi alikaa juu ya matofali.

"Haoni kabisa?"

"Haoni kabisa."

"Mbona siku ile alilisifia shati langu? Nilivaa lile jipya, nikamwambia baba, nimenunua shati. Akasema zuri, limekupendeza sana."

Walitazamana. Timazi akajifuta uso kwa mkono wenye saruji.

"Nitamjengea ile ile," alisema. "Msingi upo. Nitairudisha kama ilivyokuwa."

Alianza siku hiyo hiyo, na Mama Miche akawa anakuja kila akitoka kitaluni. Na hapo ndipo walipogombana kama hawajawahi kugombana. Ufa ulianzia wapi? Dada alisema kwenye mguu wa kitanda, mdogo wake akasema chini ya dirisha. Ulipindia kushoto kwanza au kulia? Ndoo ilikaa wapi hasa? Walizaliwa kwenye chumba kile. Walitambaa juu ya ufa ule, wakaangusha humo vifungo na shanga na kuvilia. Macho manne mazima, na hakuna hata moja lililowahi kuutazama.

Walimuuliza mwenyewe. Mzee Soli alinyoosha mguu kutoka kitini, akaupeleka peleka kwenye vigae, akaurudisha.

"Siwezi kuwaambia," alisema. "Miguu ndiyo inayojua, na miguu haina mdomo. Nipelekeni, nikifika itakumbuka."

Wakati huo alikuwa anakwisha. Mashavu yalimwingia, shati likamning'inia. Mama Miche alifunga kamba kutoka kitini hadi chooni ili aishike, na siku ya kwanza mzee aliifuata, akarudi, akakaa.

"Haya, sasa nimekuwa mbuzi," alisema. "Bado kuletewa majani."

Mwanawe hakucheka. Tangu siku ile ya mvua alikuwa anatembea ndani ya nyumba na gambuti, vigae vyake alivyovipenda vikichafuka, ili mzee amsikie. Kitaluni nako walimshangaa. Alikuwa haongei. Mnunuzi mmoja aliubeba mche kwa shingo mbele yake, na yeye akamtazama tu.

Siku ya saruji ya sakafu, waliuchora ufa kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi, wakibahatisha. Walifuata kauli ya dada kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Mlango wa zamani ulirudishwa. Lakini Mama Miche alipousukuma, ulifunguka kimya.

"Umeufanya nini?"

Timazi aliutazama mlango, akatazama mikono yake. "Niliupiga randa chini," alisema. "Sikukusudia, dada. Niliona unakwaruza, nikajikuta nimeshaupiga."

Na haikuwa mlango peke yake. Ukuta wa zamani uliinama, huu ulisimama wima. Dirisha la zamani halikufunga, hili lilibana vizuri. Alikuwa ameapa kuijenga mbovu, na kila asubuhi mkono wake ulichomoa timazi mfukoni na kuning'iniza bila kumuuliza. Mkono uliofunzwa kunyoosha maisha yake yote haukujua kupinda. Mama Miche alitaka kumtukana. Kisha akawaza kwamba naye, hata angeambiwa, asingeweza kuupanda mche kinyumenyume. Akamwachia.

Walimrudisha mzee jioni, jua limepoa. Mama Miche alilishikilia hilo, na Timazi hakuuliza sababu. Lipu ilikuwa bado mbichi, rangi haijanunuliwa, kuta zimesimama na ule ujivujivu wa saruji. Lakini mzee hakuwa wa kungojeshwa tena.

Aliposhuka garini alisimama, akavuta hewa puani. Uani hawakuwa wamegusa kitu. Mguu wake ulishika njia, na ghafla mtu aliyekuwa akiburutwa akaanza kutembea. Aliuachia mkono wa mwanawe. Alilikwepa jiwe la kufulia bila kulipapasa. Alipofika usawa wa nyumba ya pili, mshonaji alitoka kumpokea.

"Karibu nyumbani, mzee wangu!"

"Nimekaribia. Na wewe ndara zako umezifunga waya tena. Kesho asubuhi uniletee, na uje unitungie sindano."

Mshonaji alicheka huku machozi yanamtoka. Timazi alimshika dada yake bega akalibana kwa nguvu. Mama Miche naye alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua ile, na moyo wake ukasema, ameshika, amechipua.

Mzee Soli alipanda kibaraza. Aliupata mlango, akausukuma kwa ile nguvu aliyoizoea, nguvu ya mlango mzito. Ukaruka ukagonga ukuta, naye akaingia akipepesuka.

Alisimama. Alipapasa sakafu kwa kidole gumba akaukuta mchoro wa msumari, na uso ukamfunguka. Akaufuata hatua moja, ya pili, na mchoro ukampeleka ukutani. Paji la uso liligonga saruji, si kwa nguvu. Alirudi nyuma, akanyoosha mkono kushoto, hakuna kitu, kulia, hakuna kitu. Aligeuza mgongo taratibu, huku na huku, akiutafuta ule ubaridi wa dirishani. Nyumba ilikuwa kimya na vuguvugu. Wanawe walisimama mlangoni wakimtazama.

Mwishowe alijikung'uta vumbi la saruji kwenye paji la uso, akavuta lile tabasamu la kumkaribisha mgeni.

"Nyumba nzuri sana, wanangu," alisema. "Mungu awabariki. Na rangi nimeipenda."

Timazi alifungua mdomo. Dada yake alimfinya mkono hadi akaufunga.

"Asante, baba," alisema Mama Miche.

"Sasa," alisema Mzee Soli, amesimama katikati ya nyumba yake, mikono mbele kidogo, "nionyesheni pa kukaa."

Mama Miche aliingia akasimama karibu na kiti. Akapiga gambuti chini mara mbili, kwa nguvu, ili ajue aje upande gani.